Hesabu dakika kabla ya makombe: namna ya kuufuatilia msimu wa BWF World Tour

Anza na kalenda, majina yaje baadaye. Wanaoniuliza waingilie wapi kwenye World Tour, msururu wa mashindano wa Shirikisho la Badminton Duniani (BWF), huwa tayari wana jina la mchezaji mdomoni, Viktor Axelsen au An Se-young au Shi Yuqi, na hakuna ubaya kuwa na mtu wako. Lakini ukimfuata huyo mmoja tu, wiki asizocheza zitakupita bure, na siku akifungwa na mtu ambaye yeye mwenyewe huwa anamfunga hutajua kwa nini. Mara nyingi jibu liko kwenye kalenda: alikuwa wapi wiki iliyopita, alikaa uwanjani dakika ngapi, na amesafiri umbali gani kufika hapo.

Mimi hutumia karatasi kubwa moja iliyogawanywa miezi kumi na miwili, nayo huibandika mahali ninapopita kila siku. Mashindano siyaandiki moja moja kwa mstari. Nayafunga kwa safari, kwa sababu ndivyo wachezaji wanavyoishi: wanaondoka kwao na sanduku, wanacheza wiki mbili, tatu au nne mfululizo upande mmoja wa dunia, halafu wanarudi kufanya mazoezi. Ukiutazama msimu kwa safari namna hiyo, orodha ndefu ya majina inayowatisha wageni inageuka kuwa kitu unachoweza kukishika kichwani.

Chukua msimu wa 2025, ambao umekwisha na matokeo yake yote yako wazi. Januari ilikuwa safari ya Asia: Malaysia Open mjini Kuala Lumpur, India Open mjini New Delhi, Indonesia Masters mjini Jakarta, kisha Thailand Masters mjini Bangkok. Mwisho wa Februari hadi Machi watu wakahamia Ulaya: German Open, Orleans Masters, All England mjini Birmingham, Swiss Open mjini Basel. Mei na mwanzo wa Juni wakarudi Asia ya Kusini-Mashariki kwa Thailand Open, Malaysia Masters, Singapore Open na Indonesia Open. Ikafuata safari ya Marekani na Kanada, ambayo vigogo wengi huipisha. Julai, Japan Open na China Open wiki mbili bila pumzi katikati. Septemba, Hong Kong, Shenzhen (ndiyo China Masters) na Suwon kule Korea Kusini. Oktoba, Ulaya tena: Vantaa kule Finland, Odense kule Denmark, Ufaransa, Saarbrücken kule Ujerumani. Novemba wakatawanyika Kumamoto kule Japani, Sydney kule Australia na Lucknow kule India, na Desemba wanane bora wa kila aina ya mchezo wakakutana Hangzhou kule China kwa World Tour Finals.

Ubingwa wa Dunia, ambao mwaka huo ulichezwa Paris mwezi Agosti, haumo katika msururu huu. Thomas Cup, Uber Cup na Sudirman Cup, ambazo ni za timu za taifa, na Olimpiki nazo hazimo. Ziandike kwenye karatasi yako kwa rangi nyingine, maana zinakula nguvu za wachezaji walewale.

Ngazi zenyewe ni rahisi, na namba kwenye jina ndiyo inayokueleza uzito. Super 1000 ziko nne tangu 2023: Malaysia, All England, Indonesia na China. Super 750 ziko sita: India, Singapore, Japan, China Masters, Denmark na Ufaransa. Chini yake kuna Super 500, Super 300 na Super 100. Mfumo huu ulianza 2018, ukichukua nafasi ya Super Series iliyokuwapo tangu 2007.

Pointi ndizo zinazostahili dakika zako chache za hesabu. Bingwa wa Super 1000 anapata pointi 12,000, wa Super 750 anapata 11,000, wa Super 500 anapata 9,200 na wa Super 300 anapata 7,000. Sasa tazama hili: anayetolewa nusu fainali ya Super 1000 anaondoka na 8,400. Maana yake, kufika nusu fainali Birmingham kuna faida kubwa kwenye orodha kuliko kunyanyua kombe Basel wiki inayofuata. Hata anayeishia robo fainali ya Super 1000 anapata 6,600, karibu sawa na bingwa wa Super 300. Ukiijua hesabu hiyo utaelewa kwa nini mtu fulani anaonekana "hashindi kitu" lakini yuko namba sita duniani.

Orodha ya ubora wa dunia hujumlisha matokeo kumi bora ya mchezaji ndani ya wiki 52. Kila wiki inayopita, pointi za wiki kama hiyo mwaka uliopita zinadondoka. Aliyetwaa All England Machi iliyopita anaingia Birmingham mwaka huu akiwa na pointi 12,000 za kutetea. Akiteleza raundi ya kwanza, anashuka hata kama amecheza vizuri miezi yote mingine. Orodha ya pili ni ya msimu wenyewe. Inaanza sifuri Januari, na hiyo ndiyo inayoamua nani aende kwenye fainali za Desemba. Fuata ya kwanza ili ujue nani anapangwa wapi kwenye droo. Fuata ya pili kuanzia Septemba, watu wanapoanza kuhesabu. Hapo utawaona wachezaji wakubwa wakienda kwenye mashindano madogo ya Novemba ambayo kwa kawaida wasingeyagusa.

Kuna sheria nyingine inayoeleza mengi. Walio 15 bora kwa mchezo wa mmoja mmoja, na jozi 10 bora za wawili wawili, wanatakiwa kucheza Super 1000 zote nne, Super 750 zote sita na angalau Super 500 mbili. Anayekosa bila sababu inayokubalika anapigwa faini. Matokeo yake, kwenye Super 1000 na Super 750 droo ina nafasi 32 tu, hakuna mchujo (mechi za awali za kuwania kuingia droo kuu), na karibu kila jina kubwa lipo. Waliotengwa wasikutane mapema ni wanane. Namba tisa wa dunia hana ulinzi wowote: anaweza kukutana na namba moja raundi ya kwanza kabisa, siku ya Jumanne.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema kwa yeyote atakayenisikiliza: Jumatano na Alhamisi ndizo siku za badminton. Mashindano ya kawaida huanza Jumanne na kuisha Jumapili. Raundi ya kwanza huchukua Jumanne na Jumatano, 16 bora ni Alhamisi, robo fainali Ijumaa, nusu fainali Jumamosi. Anayewasha skrini Jumapili tu anaona matokeo ya wiki bila kuona wiki. Ukilazimika kuchagua siku moja, chagua Alhamisi. Viwanja kadhaa vinatumika kwa wakati mmoja, walio na njaa bado hawajachoka, na walio juu bado hawajapata mdundo.

Droo ikitoka, ichapishe au inakili kwa mkono. Mimi napendelea kunakili, kwa kuwa mkono unakumbuka kile ambacho jicho linapita juu yake. Igawanye robo nne, na katika kila robo jiulize maswali mawili. Ni nani aliyecheza Jumapili iliyopita? Na ni nani asiye na ulinzi ambaye hakuna mtu angependa kukutana naye? Weka alama kwa hao. Usijisumbue kutabiri bingwa. Tabiri mechi moja ya raundi ya pili ambayo unadhani itaenda seti tatu, na uitazame hiyo.

Halafu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote: kujumlisha dakika. Matokeo rasmi ya kila mechi huandikwa pamoja na muda wake. Katika daftari, andika jina la mchezaji, idadi ya seti na dakika, siku kwa siku. Kufika Jumamosi utakuwa na watu wawili wanaokutana nusu fainali, mmoja akiwa na dakika 130 miguuni na mwingine 260. Wanaosema mshindi "alikuwa na bahati" hawajaiona hesabu hiyo. Na daftari usilifunge Jumapili, bali lipeleke wiki inayofuata, kwa sababu dakika hazifutiki kwa kupanda ndege.

Nitakuonyesha kwa An Se-young wa Korea Kusini, ambaye mwaka 2025 alitwaa mataji 11 ya World Tour. Idadi hiyo iliifikia ile ya Kento Momota wa Japani mwaka 2019, ingawa ndani ya 11 za Momota kuna Ubingwa wa Dunia na Ubingwa wa Asia. Ukiyatazama makombe peke yake utadhani mwaka wake ulikuwa mteremko. Ufuate kwa safari. Januari alichukua Malaysia na India. Machi akachukua Orleans, na wiki iliyofuata All England, ambako fainali dhidi ya Wang Zhiyi wa China ilimlazimu kutoka nyuma: 13-21, 21-18, 21-18, zaidi ya saa moja na nusu uwanjani. Mwisho wa Mei akasimamishwa robo fainali ya Singapore na Chen Yufei. Siku chache baadaye, kwenye Indonesia Open mjini Jakarta, alipoteza seti ya kwanza ya fainali mbele ya Wang Zhiyi huyohuyo na bado akaondoka na kombe. Julai akashinda Japan Open Jumapili, na siku mbili baadaye China Open ikaanza Changzhou. Alikuwa ameshachukua Super 1000 tatu za mwaka, ya nne ndiyo hii. Nusu fainali dhidi ya Han Yue hakuimaliza. Goti lilikataa, akajiondoa.

Mimi sikushangaa, na nasema hivyo kwa heshima kubwa kwa yule binti. Namna anavyocheza, kurudisha kila kinyoya (ndicho mpira wa badminton) mpaka mpinzani achoke kufikiri, ni namna inayogharimu dakika. Aliyekuwa akizijumlisha tangu Orleans aliona deni linakua. Alipumzika, akapoteza nusu fainali ya Ubingwa wa Dunia kwa Chen Yufei, akarudi Septemba kuchukua Shenzhen, akafungwa na Akane Yamaguchi katika fainali ya nyumbani Suwon, kisha Denmark, Ufaransa, Australia na Hangzhou zote zikawa zake. Kumamoto aliiacha. Kuiacha Kumamoto ni uamuzi wa mtu aliyejifunza kusoma kalenda yake mwenyewe.

Usiishie kwa mchezo wa mmoja mmoja. Kuna makundi matano: wanaume, wanawake, wawili wawili wanaume, wawili wawili wanawake, na mchanganyiko. Wageni wengi hukimbia mchezo wa wawili wawili wa wanaume kwa sababu ni wa kasi mno. Ushauri wangu ni kuuangalia kwa mapigo manne ya kwanza tu: kuanzisha, kupokea, pigo la tatu, pigo la nne. Tangu 2018 kinyoya lazima kipigwe kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati wa kuanzisha, na jozi nzuri hupigania nusu sentimita pale kwenye wavu kana kwamba mechi nzima iko hapo, maana mara nyingi iko hapo. Kim Won-ho na Seo Seung-jae, walioungana upya mwanzoni mwa 2025, walishinda mataji 11 pamoja. Seo mwenyewe alimaliza mwaka na 12, moja likiwa la Thailand Masters alilolipata na Jin Yong. Mtazame Seo anavyopokea mpira wa kuanzishwa, mguu wake wa mbele unavyotua kabla kinyoya hakijavuka wavu.

Wakati wa mechi yenyewe, kuna mambo machache ya kuweka machoni. Mfumo uliotumika tangu 2006 ni seti mbili kati ya tatu, kila seti ikiisha pointi 21, na zikifungana 20 anatakiwa ashinde kwa tofauti ya mbili, mwisho 30. Mmoja akifika 11 kuna mapumziko ya sekunde 60, na kati ya seti dakika mbili. Usiende popote katika sekunde hizo 60. Makocha huingia, na pointi tatu zinazofuata ndizo zitakazokuonyesha wamesema nini: mchezaji aliyekuwa akiinua kila mpira ghafla anaucheza bapa, au aliyekuwa akipiga smashi katikati anaanza kulenga mistari.

La pili ni upepo. Kumbi kubwa zina viyoyozi, na kinyoya chenye manyoya 16 na uzito usiofika gramu sita kinasukumwa na hewa ambayo wewe hata huihisi. Upande mmoja kinyoya kinakwenda mbali kuliko mchezaji alivyotaka, upande wa pili kinarudi, na wengi hupenda kucheza wakiukabili upepo kwa sababu wanaweza kupiga kwa nguvu zote bila hofu ya kutoa nje. Wachezaji hubadilishana pande baada ya kila seti, na katika seti ya tatu hubadilishana tena mmoja akifika 11. Kwa hiyo aliyeanza mechi upande mgumu ndiye atakayemalizia seti ya tatu upande mzuri. Ukimwona mchezaji mzoefu anashinda kura ya sarafu na kuchagua upande badala ya kuanzisha, andika. Anapanga dakika ya sabini wakati wengine wanafikiria pointi ya kwanza.

La tatu ni kamera. Kwenye viwanja vyenye mfumo huo mchezaji anaweza kupinga uamuzi wa mstari. Ana nafasi mbili, na akikosea anapoteza moja. Wapo wanaoitumia nafasi ya pili ili kuvuta pumzi baada ya mapigo marefu. Kwangu hilo ni sehemu ya ufundi.

Kuhusu kutazama: ratiba ya siku hutoka jioni ya siku iliyotangulia, na nyingi ya mechi hazina saa kamili, zinafuatana tu uwanja kwa uwanja. Mechi moja huisha kwa dakika 30, nyingine inakula 90. Geuza saa ya mji wa mashindano mara moja kwa wiki nzima, uiandike juu ya ukurasa, kisha fuata matokeo ya moja kwa moja ya Shirikisho la Badminton Duniani ili ujue lini mechi yako inakaribia. Chaneli ya BWF kwenye YouTube huweka mechi na vipande vyake, ingawa kinachoonekana hutofautiana nchi kwa nchi kutokana na haki za matangazo. Mechi ndefu uliyoikosa itazame kuanzia 15-15 ya seti ya tatu, na usianze kwa kutafuta matokeo.

Sasa majina. Chagua watatu: mmoja wa juu kabisa, jozi moja, na mmoja ambaye bado hajulikani. Huyo wa mwisho ndiye atakayekupa msimu. Mtafute kwenye Super 300 na kwenye mchujo wa Super 500, ambako nafasi nne za droo kuu huachwa kwa wanaopita mchujo. Juni 2025 Ayush Shetty wa India alishinda US Open, Super 300, taji lake la kwanza la World Tour, wiki ambayo watu wengi walikuwa wamezima skrini wakingoja Japani. Mwanzoni mwa Agosti, Alwi Farhan wa Indonesia akachukua Macau Open. Aliyewafuata hawa tangu raundi za mchujo za mwaka uliotangulia alikuwa na furaha ambayo bingwa wa Super 1000 hawezi kumpa mtu.

Na mchujo si wa vijana peke yao. Mei mwaka huohuo Srikanth Kidambi, aliyewahi kuwa namba moja duniani, aliingia Malaysia Masters kupitia mchujo na kufika hadi fainali, ambako Li Shifeng alimsimamisha. Fainali yenyewe haikuwa na ushindani. Lakini ukurasa wake katika daftari, kuanzia mechi za mchujo hadi Jumapili, ni kati ya kurasa ninazozirudia kusoma.

Desemba ikifika, mpangilio unabadilika, na hapa wengi huchanganyikiwa. World Tour Finals huchukua wanane kwa kila kundi la mchezo, lakini nchi moja haiwezi kupeleka zaidi ya wawili, kwa hiyo Mchina aliye wa tano anaweza kubaki nyumbani huku wa kumi akienda. Wanane hugawanywa makundi mawili ya wanne, kila mmoja anacheza na wenzake watatu, na wawili wa juu wanaingia nusu fainali. Mtu anaweza kufungwa mechi ya kwanza na bado awe bingwa, jambo lisilowezekana katika wiki nyingine yoyote ya msimu. Mwaka 2025 Christo Popov wa Ufaransa alilitwaa taji la wanaume kwa kumfunga Shi Yuqi 21-19, 21-9 mbele ya mashabiki wa Hangzhou.

Ili usipotee siku ya tatu ya makundi, chora jedwali lenye safu za ushindi, seti za kushinda na kufungwa, na pointi za kushinda na kufungwa. Wawili wakilingana ushindi, mechi waliyocheza wao kwa wao ndiyo inayoamua. Watatu wakilingana, hesabu tofauti ya seti, na ikiwa bado wamelingana, tofauti ya pointi. Hapo ndipo utaona kwa nini mchezaji aliye nyuma 8-18 katika seti ambayo hawezi kuiokoa anakimbilia kila kinyoya: akifunga pointi sita kabla ya kufungwa, huenda hizo sita ndizo zitakazompeleka nusu fainali.